Mashine Iliyosingiziwa Kifo

Bwana Mhariri ametuandikia sisi wanafunzi wa zamani, akituomba kila mmoja aeleze kidogo habari za kazi yake, ili ndugu zetu walioko shuleni wapate kujua dunia inawangoja na nini. Nimekaa nikafikiri. Kuisifu kazi yangu ni rahisi, maana kila fundi huvutia upande wake. Lakini msomaji hapati faida kubwa kwa sifa. Kwa hiyo nimeona afadhali nieleze kosa nililolifanya kwetu Nzahaha mwaka 2018, kosa lililoanza katika kompyuta likaishia katika moyo wa mtu.

Kwa wasiopajua, Nzahaha ni sekta moja ya Wilaya ya Rusizi, katika pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda. Mto Ruzizi, unaotoka Ziwa Kivu na kuteremka mpaka Ziwa Tanganyika, hauko mbali nasi, na ng'ambo yake ni Kongo. Ukishuka kusini unafika bonde la Bugarama, penye mashamba ya mpunga. Nyumbani twasema Kinyarwanda, lakini soko la Bugarama ndilo lililonifundisha Kiswahili kabla ya mwalimu yeyote, maana wafanyabiashara wa Rwanda, Kongo na Burundi hukutana pale, na kila mmoja ana lugha ya mama yake.

Kazi yangu ni fundi wa sauti katika majumba ya sinema. Nilianza Nairobi mwaka 2001, nikiwa msaidizi wa chumba cha projekta. Siku zile filamu ilikuwa utepe wenye upana wa milimita 35, na picha 24 zilipita mbele ya taa kila sekunde. Sauti ilichapwa katika utepe huo huo. Ile ya zamani ilikaa kando ya picha kama mistari miwili myembamba ya mawimbi. Mwaka 1992 kampuni ya Dolby ikaleta sauti ya dijitali, iliyochapwa kwa vidoadoa katika nafasi zilizo baina ya matundu ya utepe. Na mwaka 1993 wenzao wa DTS wakaja na njia yao, sauti ikiwekwa katika diski pembeni, na utepe ukibeba alama tu za kuiongoza diski ile. Kisha mwaka 2005 makampuni makubwa ya filamu ya Marekani yakatoa kanuni za sinema ya dijitali, na polepole utepe ukaondoka karibu kila mahali. Siku hizi filamu huja katika diski ya kompyuta.

Lakini njia yoyote itakayotumika, sauti haiwezi kutoka katika filamu ikaingia moja kwa moja katika spika. Katikati ipo mashine tunayoiita prosesa ya sauti. Hiyo huipokea sauti, ikaigawa mikondo sita: kushoto, katikati, kulia, kando kushoto, kando kulia, na ule mkondo wa ngurumo nzito. Maneno ya waigizaji, kwa sehemu kubwa, hupita katika mkondo wa katikati. Prosesa huzipunguza sauti zinazozidi na kuzikuza zinazofifia kwa kadiri ya ukumbi ulivyo. Tena huzichelewesha spika za kando. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Kwa hiyo katika ukumbi wenye urefu wa mita 17, sauti ya mbele humfikia aliyekaa nyuma baada ya kama sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Spika ya kando iliyo karibu na sikio lake isipongojeshwa, atadhani waigizaji wanasema wakiwa ukutani.

Fundi akitaka kuipima prosesa huiunganisha na kompyuta yenye programu ya uchunguzi. Programu huiuliza mashine maswali, nayo mashine hujibu; kila jibu jema huandikwa kwa kijani, na kila baya kwa nyekundu. Ndipo fundi huweka maikrofoni ukumbini, akaiamuru prosesa itoe mvumo maalumu uitwao kelele ya pinki, ambao masikioni ni kama mvua kubwa juu ya mabati. Katika majumba ya sinema spika ya mbele hurekebishwa mpaka kipimo kisome desibeli 85. Hiyo ndiyo kazi. Sasa nije kwenye kisa.

Mwaka 2017 jumba moja la sinema lilibadili vyombo vyake, nami nikanunua kwa bei ndogo prosesa yake ya zamani, amplifaya tatu na spika kadhaa. Nilikuwa na nia ya kuonyesha filamu kwetu. Si jambo geni katika nchi yetu. Tamasha la Filamu la Rwanda, lililoanza mwaka 2005, lilijulikana kwa jina la Hillywood kwa sababu lilichukua filamu likazipeleka vilimani kwa skrini ya kujazwa upepo. Nami nikasema, kwa nini kilima chetu kisiwe na siku yake?

Vyombo vile nilivileta Nzahaha mwezi wa Desemba, nikamkabidhi mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyekuwa na miaka 19. Nikamwambia, "Vitunze mpaka nirudi." Nikaenda zangu Kigali kazini.

Tuliipanga siku ya onyesho iwe Jumamosi, tarehe 23 Juni, 2018. Si kwa bahati tu. Kwetu kuna bima ya afya ya jamii, ambayo watu huiita mituweli, na mwaka wake huanza tarehe 1 Julai. Wakati ule familia nyingi zilitozwa faranga 3,000 kwa kila mtu. Mwenye watoto sita, pamoja na mke na mama mzee, atafute 27,000 kwa mara moja! Asiyelipa, akiugua, ataulizwa zahanati fedha ambazo hana. Basi vijana wa kilima chetu walikubaliana kwamba kila atakayeingia atoe faranga 200, na mapato yote yalipie wale walioshindwa. Majina yao yalikwisha kuandikwa. Nilipofika Ijumaa alasiri, mzee mmoja jirani yetu alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, hiyo sinema yako ni ya hakika?" Nikamjibu kwa kiburi, "Mzee wangu, mimi ndiye fundi."

Wahenga walisema: usimtukane mamba kabla hujavuka mto. Nasi tuliokaa karibu na Ruzizi tungepaswa kulijua neno hilo kuliko wengine.

Nilifunga vyombo ukumbini, watu kama ishirini wakinitazama. Nikawasha umeme. Nikaunganisha kompyuta yangu, mpya kabisa, nikaifungua programu ya uchunguzi. Ikazungukazunguka kidogo, kisha ikaandika: Mawasiliano, nyekundu. Kumbukumbu, nyekundu. Kadi ya sauti, nyekundu. Mikondo ya kutokea, nyekundu yote sita. Nikazima, nikawasha. Yale yale. Nikajaribu mara ya tatu, jasho likinitoka. Yale yale.

Nikageuka nikamwuliza mpwa wangu, "Nani aliigusa mashine hii?"

Akajibu kwa adabu, "Mimi tu, Mjomba. Mwezi wa Aprili, mvua ilipokuwa nyingi, paa la stoo lilivuja, nikaihamisha."

Sikumngoja amalize. Neno "mvua" lilinitosha. Nikasema mbele ya watu wote kwamba ameilowesha mashine, ameiua, na kwamba kwa uzembe wake wazee wa kilima watakosa dawa. Nikaongeza na maneno mengine ambayo sitayaandika katika gazeti la shule. Kijana hakujibu. Aliweka chini waya aliokuwa ameushika, akatoka nje polepole. Watu nao wakaondoka mmoja mmoja, kama watokao matangani.

Jioni nilimkuta mama yangu jikoni, nikamweleza. Mama hakusoma sana, wala hajapata kuingia jumba la sinema. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Ni nani aliyekuambia kwamba mashine imekufa?"

Nikasema, "Kompyuta, Mama."

"Na hiyo kompyuta, ni nani aliyeipima?"

Nikanyamaza. Akaendelea kukoroga chungu chake, akasema, "Mtu akibisha hodi nyumba ya jirani asiitikiwe, hutangaza msiba? Labda jirani hakusikia. Labda amebisha mlango si wenyewe."

Ndugu zangu, nimesomea kazi hii kwa miaka mingi, nami nakiri kwamba sijapata kusikia maelezo yaliyo bora kuliko hayo. Nilichukua kurunzi nikarudi ukumbini usiku ule ule.

Safari hii niliiweka kompyuta kando, nikaitazama mashine yenyewe. Taa yake ya umeme inawaka. Feni yake inazunguka. Kioo chake kidogo cha mbele kimeandika 7.0, ndiyo kadiri ya kawaida ya sauti. Nikakizungusha kitufe: 6.5, 6.0, 5.5. Mfu gani huyu anayehesabu? Kumbukumbu yake ingekuwa imekufa, namba zile zingetoka wapi? Hapo nikafahamu kosa la kwanza. Programu yangu ilikuwa haitofautishi baina ya "nimeuliza, nikajibiwa vibaya" na "nimeuliza, nisijibiwe kabisa". Yote mawili iliyaandika kwa nyekundu. Kulikuwa na kasoro moja tu, ya mawasiliano. Zile nyekundu nyingine zote zilikuwa vivuli vyake.

Basi nikaanza kuifuata njia ya mawasiliano hatua kwa hatua, kuanzia upande wangu. Prosesa ile ni ya zamani, nayo huzungumza kwa tundu la pini 9. Kompyuta mpya hazina tundu hilo. Kwa hiyo nilikuwa nimetumia kiunganishi, upande mmoja USB, upande mwingine pini 9. Je, kiunganishi kizima? Iko njia rahisi ya kukijua. Katika tundu lile, pini ya 3 ya kompyuta ndiyo inayosema, na pini ya 2 ndiyo inayosikia. Ukiziunganisha hizo mbili kwa kipande cha chuma, kompyuta itajisikia yenyewe: utakachoandika kitakurudia. Nilivunja kalamu, nikatoa springi yake ndogo, nikazigusisha pini zile, kisha kwa programu nyingine, ya kuandika na kupokea herufi tu, nikaandika jina la kijiji chetu. Likarudi zima. Basi kompyuta inasema, na kiunganishi kinapitisha.

Ikabaki programu yenyewe. Nikafungua orodha ya vyombo vya kompyuta, nikaona kwamba kiunganishi kimepewa lango nambari 9. Nikaenda kwenye mipango ya programu ya uchunguzi: iliyajua malango manne tu, 1 mpaka 4! Waliyoiandika, siku zao, hapakuwa na kompyuta yenye malango tisa. Kumbe jioni nzima ilikuwa ikibisha mlango usio na mtu ndani, halafu inarudi kunipa habari ya msiba.

Nikakibadili kiunganishi kiwe lango nambari 3. Nikajaribu tena. Safari hii mashine ikajibu, lakini kwa herufi zisizosomeka, kama mtu anayesema kwa haraka mno. Hilo nalilijua: mwendo haukulingana. Kompyuta ilikuwa ikisikiliza kwa mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde, nayo mashine inasema upesi zaidi. Nikaulinganisha mwendo na ule ulioandikwa katika kitabu cha mashine. Mara kioo kikageuka: Mawasiliano, kijani. Kumbukumbu, kijani. Kadi ya sauti, kijani. Mikondo yote sita, kijani kitupu. Ilikuwa saa nane ya usiku. Sikufurahi kama mngalivyodhani. Niliketi juu ya benchi nikamfikiri mtoto wa dada yangu.

Kulipokucha nilikwenda nyumbani kwa dada. Mpwa wangu alikuwa anachota maji. Nikaomba anionyeshe mahali alipoihamishia mashine wakati wa mvua. Akanipeleka chumbani kwake. Ndani mlikuwa na kitanda kimoja, na ukutani mkeka umekunjwa. Dada yangu akasema kwa nyuma, "Mashine yako imelala kitandani tangu Aprili. Mwenye kitanda amelala chini."

Nilimwomba radhi pale pale. Akasema, "Haidhuru, Mjomba." Tukafuatana ukumbini kumaliza kazi.

Msidhani kisa kimekwisha. Nilianzisha ile kelele ya pinki, spika moja baada ya nyingine. Nami nilikuwa nimekaa nyuma kwenye kompyuta, macho yangu kwenye kioo, ambacho kilikuwa kijani kote. Mpwa wangu alikuwa amesimama mbele, karibu na skrini. Akapaza sauti: "Mjomba, ya katikati haisemi!"

Nikamjibu, "Kompyuta inasema iko sawa."

Akarudia, bila ujeuri, "Njoo usikie."

Nikaenda, nikatega sikio. Kimya. Prosesa ilikuwa inatoa sauti kweli, na programu ilisema kweli kwamba inatoa. Lakini programu haioni zaidi ya tundu la kutokea. Amplifaya, waya na spika viko nje ya macho yake. Jana ilikuwa imemwita mzima mfu; leo inamwita bubu msemaji. Nikamfundisha mpwa wangu njia ya kubadilishana: tukauchomoa waya wa katikati kwenye prosesa tukauweka mahali pa wa kushoto, na wa kushoto mahali pa katikati. Kama kasoro ingekuwa ya prosesa, ingehamia kwenye spika ya kushoto. Haikuhama, spika ile ile ya katikati ikaendelea kunyamaza. Basi kasoro iko mbele zaidi. Tukaufuata waya mpaka nyuma ya spika, naye akaifungua skrubu, akanionyesha: waya ulikuwa umebanwa pamoja na ganda lake la plastiki, shaba haikugusa chuma. Na aliyeufunga waya ule Ijumaa, kwa pupa ya kujionyesha mbele ya watu, ni mimi.

Fikirini kama tungalianza onyesho vile. Muziki ungalisikika, mvua na ngurumo vingalisikika, lakini waigizaji wangalifungua vinywa bila maneno, nasi tungalirudisha faranga 200 za watu.

Adhuhuri mama alileta chakula ukumbini. Nikamwambia yote, na kwamba nimekwisha kumwomba kijana radhi. Akauliza, "Wapi?" Nikasema, "Nyumbani kwao." Akatikisa kichwa. "Ulimtukana barazani, ukamwomba radhi chumbani?"

Usiku watu walikuja kwa wingi kuliko tulivyotazamia. Tiketi 400 zote zilikwisha, na watoto wengine wakachungulia madirishani. Kabla ya kuzima taa nilisimama mbele ya skrini. Miguu ilikuwa mizito. Nikasema kwamba jana, mahali hapa, nilimshitaki kijana huyu kuwa ameiharibu mashine. Kwamba mashine haikuharibika, kosa lilikuwa langu. Na kwamba yeye ndiye aliyeiokoa na mvua, na leo ndiye aliyegundua kasoro nisiyoiona. Nikamgeukia nikasema, "Nisamehe." Ukumbi ulikuwa kimya. Yeye alikuwa amesimama karibu na swichi, akiona haya. Akasema, "Sawa, Mjomba. Sasa tuwashe." Watu wakacheka, wakapiga makofi, taa zikazimwa.

Mapato yalikuwa faranga 80,000. Tulipotoa 14,000 za mafuta ya jenereta na za kukodi viti, zilibaki 66,000, nazo ziliwalipia watu 22 kabla ya tarehe 1 Julai. Yule mzee aliyenishika mkono alikuwa mmoja wao.

Enyi ndugu wanafunzi, huenda hamtakuwa mafundi wa sinema. Lakini siku hizi hapana kazi isiyo na programu ya kumwambia mtu lipi zima na lipi bovu, iwe benki, hospitali au gereji. Nawaombeni mkumbuke mambo manne. Kwanza, kitazameni chombo chenyewe kabla ya kusoma habari zake kwenye kioo. Pili, asiyejibu si lazima awe amekufa. Chunguzeni kama mlango ndio wenyewe. Tatu, kijani nacho kina mpaka wake. Ulizeni programu inaona mpaka wapi, na yaliyobaki yapimeni kwa macho na masikio. Nne, msimtafute mwenye kosa kabla ya kulipata kosa lenyewe, maana ukianza na mtu, utaacha kuitazama mashine.

Ile springi ya kalamu ninayo mpaka leo katika sanduku langu la vifaa. Kila nikiitwa mahali kuambiwa kwamba mashine imekufa, huitoa kwanza hiyo, nikaipima kompyuta yangu mwenyewe, ndipo niwaulize watu wengine maswali.